Kabla ya Kutafuta Jina Kanada, Jua Jimbo na Mwaka

Wengi wanaotafuta ukoo wao Kanada huanza na jina. Huliandika kwenye tovuti, yakaja mamia ya akina John Smith na Marie Roy, na jioni nzima ikaisha hivyo. Kanada haina daftari moja la taifa la vizazi, ndoa na vifo. Kazi hiyo ni ya majimbo. Kila jimbo lilianza kuandikisha kwa mwaka wake, na kila moja lina sheria yake ya lini karatasi zifunguliwe kwa umma. Kwa hiyo uliza kwanza mtu wako aliishi wapi, na mwaka gani. Ukishajua hayo mawili, unajua pia karatasi yake imeshikwa na nani.

Chukua Ontario. Uandikishaji ulianza tarehe 1 Julai 1869. Vizazi hufunguliwa baada ya miaka 104, ndoa baada ya 84, vifo baada ya 74, kisha nyaraka huhamia Archives of Ontario mjini Toronto. Ndoa ndiyo karatasi ya kutafuta kwanza, maana inataja wazazi wa pande zote mbili, na mama hutajwa kwa jina lake la usichana. Usitegemee sana rekodi za vifo za miaka ya mwanzo, kwa sababu hazikutaja wazazi wa marehemu. Na usishangae ukikuta mtoto ameandikishwa bila jina la kwanza. Mzazi alifika kuandikisha kabla hawajakubaliana jina, na hakuna aliyerudi kulijaza. Hapo tafuta kwa jina la ukoo, jinsia na mwaka, ukilinganisha jina la mama.

British Columbia ilianza 1872, nayo ina utaratibu tofauti kabisa: vizazi husubiri miaka 120, ndoa 75, lakini vifo 20 tu. Maana yake ni kwamba huko unaanza na kifo na kurudi nyuma. Cheti cha kifo kinaweza kukupa mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi miongo mingi kabla cheti cha kuzaliwa hakijafunguliwa.

Nova Scotia ndiyo inayowapotezea watu muda mwingi kuliko zote. Jimbo lilianza kuandikisha 1864, likaacha vizazi na vifo mwaka 1877, na halikurudia hadi 1908. Ndoa ziliendelea muda wote huo. Mtu aliyezaliwa Halifax mwaka 1890 hayumo kwenye daftari la vizazi, na kubadilisha tahajia ya jina mara ishirini hakutamleta. Tafuta ubatizo wake kanisani, au angalia uandikishaji uliochelewa: watu waliozaliwa ndani ya pengo hilo walipozeeka walihitaji kuthibitisha umri wao, wakaandikishwa ukubwani kwa ushahidi wa ndugu au wa Biblia ya familia. Karatasi hizo huwa na maelezo mazuri kuliko cheti cha kawaida.

Quebec inahitaji kichwa kipya kabisa. Huko paroko ndiye aliyekuwa karani wa serikali. Rejesta za zamani zaidi zilizobaki zinaanza 1621, na tangu 1679 kila parokia ilitakiwa kuandika nakala mbili, moja ikae kanisani, nyingine ipelekwe mahakamani. Ndiyo maana kanisa likiungua Quebec habari mara nyingi haipotei. Utaratibu huo wa makanisa uliendelea hadi mwisho wa 1993, serikali ilipochukua kazi hiyo yenyewe.

Mambo mawili ya Quebec huwaangusha wageni. La kwanza ni kwamba mwanamke habadilishi jina. Anabatizwa, anaolewa na kuzikwa kwa jina la baba yake, na kwenye baadhi ya sensa za zamani pia anahesabiwa hivyo. Ukimtafuta kwa jina la mume mara nyingi hutampata. La pili ni majina pacha yanayounganishwa na neno "dit", kama Roy dit Desjardins. Kizazi kimoja kinajiita Roy, kinachofuata kinajiita Desjardins, na ukoo ni uleule. Tafuta yote mawili, kila mara.

Malipo ya subira ni makubwa. Rejesta ya ndoa ya Kikatoliki ya Quebec kwa kawaida inataja wazazi wa bwana na bibi harusi, hivyo unaweza kupanda kizazi baada ya kizazi kwa ndoa peke yake. Soma pole pole. Neno dogo "feu" mbele ya jina la baba linasema alikwisha kufa siku ile ya harusi. Kama ndoa ilifungwa Februari 1764, basi mazishi ya baba yatafute kabla ya hapo, na umeokoa miaka mingi ya kupekua bure. Mkusanyiko wa Drouin una picha za rejesta hizo, na programu ya PRDH ya Université de Montréal imezipanga kwa familia. Usisahau manotari, ambao nyaraka zao ziko BAnQ, hifadhi ya jimbo: mkataba wa ndoa, na orodha ya mali iliyoandikwa baada ya kifo, hadi sufuria na ng'ombe.

Sensa ndizo zinazounganisha nchi nzima. Ziko Library and Archives Canada, hifadhi kuu ya taifa iliyoko Ottawa, na kuzitafuta mtandaoni ni bure. Kuanzia 1871 hadi 1951 sensa ya taifa ilifanyika kila miaka kumi, na kwa majimbo ya nyika ya magharibi, yaani Manitoba, Saskatchewan na Alberta, kuna pia za 1906, 1916 na 1926. Sensa hufunguliwa baada ya miaka 92. Ile ya 1931 ilifunguliwa tarehe 1 Juni 2023, kwa hiyo ya 1941 itasubiri hadi 2033. Ya 1901 ina thamani ya pekee kwa sababu iliuliza tarehe kamili ya kuzaliwa na mwaka wa kuingia nchini. Ile inayoitwa ya 1851 kwa kweli ilifanyika Januari 1852, na iliuliza mtu angetimiza umri gani siku yake ya kuzaliwa inayofuata. Asiyejua hilo hukosea mwaka mzima.

Jina likikosekana kwenye sensa, usiseme mtu hakuwepo. Aliyenakili mwandiko wa karani kwenye kompyuta alisoma L akaandika S, au karani mwenyewe aliandika jina la Kiukreni kwa masikio ya Kiingereza. Ondoa jina la ukoo, tafuta kwa jina la kwanza, umri na wilaya. Ikishindikana, fungua wilaya ndogo na kupitia ukurasa kwa ukurasa. Kwa kijiji ni kazi ya jioni moja, nayo hukupa pia majirani.

Sensa ya 1906 inastahili tusimame kwayo kidogo, maana inafungua mlango ambao watu wengi hupita bila kuuona. Kwa wakazi wa mashambani iliandika eneo la ardhi kwa namba. Tuseme umekuta NE 14-36-5-W3. Isome hivi: robo ya kaskazini-mashariki, sehemu ya 14, taunshipu ya 36, safu ya 5, magharibi ya meridiani ya tatu, yaani mstari wa tatu wa kaskazini-kusini wa kupimia ardhi. Taunshipu ni mraba wa maili sita kwa sita wenye sehemu 36. Kila sehemu ina ekari 640, na robo yake ni ekari 160. Namba hizo zinakuweka Saskatoon na viunga vyake.

Robo hiyo ya ekari 160 ndiyo iliyogawiwa kwa sheria ya ardhi ya 1872. Mtu alilipa dola 10, akatakiwa kukaa na kulima, kwa kawaida miezi sita kila mwaka kwa miaka mitatu, ndipo apewe hati miliki. Ili aipate aliapa kwa maandishi: amelima ekari mpya ngapi kila mwaka, nyumba yake ina upana gani, ana ng'ombe wangapi, familia yake ni watu wangapi. Majirani wawili waliapa pia, na majirani hao mara nyingi ni mashemeji au watu wa kijiji kilekile cha Ulaya. Na kwa kuwa hati haikutolewa ila kwa raia wa Uingereza, mgeni aliyetoka Galicia ya Ulaya ya mashariki au Norway alilazimika kuonyesha uthibitisho wa kupewa uraia. Jalada moja, basi, linakupa familia, majirani na uraia.

Kosa la kawaida ni kutafuta kwenye hazina ya ruzuku za ardhi iliyoko Ottawa pekee. Hiyo inawaonyesha waliofanikiwa kupata hati. Aliyeshindwa na baridi akaondoka mwaka wa pili hayumo, lakini jalada lake lipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Waliokata tamaa walikuwa wengi, na ni babu za watu pia. Tazama vilevile namba ya sehemu. Mwanzoni zilizogawiwa bure zilikuwa za namba shufwa. Za witiri nyingi zilitengwa kwa ajili ya reli, ya 11 na 29 zilikuwa za shule, ya 8 na sehemu kubwa ya 26 za Hudson's Bay Company, kampuni ya zamani ya biashara ya manyoya. Kama babu yako alikaa sehemu ya 8, alinunua, na jalada la mgao wa bure huenda halikuwahi kuwepo.

Ukishapata mwaka wa kuingia, ndipo uende kwenye orodha za abiria. Za bandari ya Quebec zinaanza 1865, za Halifax 1881, na zote ziko wazi hadi 1935. Kabla ya 1865 ni mabaki machache tu. Wengi pia walishuka New York au Boston wakaingia kwa treni, na Kanada ilianza kuorodhesha wanaovuka mpaka kutoka Marekani mwaka 1908 tu. Baada ya 1935 rekodi ziko kwa wizara ya uhamiaji: unaomba kwa sheria ya kupata habari, ada ni dola 5, na mwombaji awe raia, mkazi wa kudumu au mtu aliyepo Kanada. Ambatisha uthibitisho wa kifo cha unayemtafuta. Maombi mengi hukwama hapo. Kuhusu hadithi ya afisa wa bandarini aliyebadilisha jina la babu, iwekeni kando. Orodha iliandikwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia. Jina lilibadilishwa baadaye, na wenyewe.

Kwa waliotoka Uingereza, usihangaike na uraia. Kabla ya 1 Januari 1947 hapakuwa na uraia wa Kanada kisheria. Mskoti alifika akiwa tayari raia wa mfalme yuleyule, hakuwa na fomu ya kujaza. Mtoto aliyefika peke yake kati ya 1869 na miaka ya 1930 atafutwe kati ya wale watoto zaidi ya 100,000 waliopelekwa na mashirika ya hisani ya Uingereza kufanya kazi mashambani. Majalada yao mengi yamebaki Uingereza, kwa mashirika yaliyowapeleka. Askari wa vita ya 1914 hadi 1918 ni rahisi zaidi: majalada zaidi ya 600,000 yamepigwa picha yote, bure. Umri wa vijana usiuamini, bali anwani ya ndugu wa karibu iamini.

Familia za Weusi wa Nova Scotia zina waraka ambao watu wachache duniani wanao wa aina yake. Mwaka 1783 Waingereza walipoondoka New York waliandika majina ya watu Weusi wapatao 3,000 waliopanda meli, wengi wao wakielekea Nova Scotia. Daftari hilo, Book of Negroes, linataja meli, jina, umri, maelezo ya mwili, aliyedai kummiliki, na lini alimtoroka. Nakala moja iko Kew, nyingine Washington, na picha zake zipo mtandaoni. Usipomwona mtu tena Birchtown, makazi ya Weusi huko Nova Scotia, baada ya 1792, mtafute Sierra Leone: karibu watu 1,200 walivuka bahari mwaka huo.

Mambo mengine hayamo kwenye karatasi, na hapo mikutano inasaidia. Huko Buxton, Ontario, makazi yaliyoanzishwa 1849 na mchungaji William King kwa ajili ya watu waliokimbia utumwa, wazao hurudi nyumbani kila mwaka wikendi ya Siku ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, na wamefanya hivyo tangu 1924. Waakadia, wazao wa walowezi Wafaransa wa pwani ya mashariki, wana mkutano wa Congrès mondial acadien, kila miaka mitano tangu 1994, ambapo koo hukutana kwa jina la ukoo. Quebec ina wiki ya nasaba kila Novemba, na chama cha nasaba cha Ontario hufanya mkutano wake wa kila mwaka. Nenda na ukurasa mmoja wa mti wa ukoo wako, herufi kubwa, wenye mapengo yaliyozungushiwa duara. Beba nakala, picha halisi ziache nyumbani. Uliza jambo moja mahususi: "nani alizikwa karibu na huyu?" Mzee akikupeleka makaburini, nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, maana mwanga wa ubavuni huonyesha herufi zilizofutika. Usipake chaki wala povu la kunyolea, vinakula jiwe. Maji safi yanatosha. Piga picha jiwe lenyewe, kisha mawe yote yanayolizunguka, na mwisho geti la makaburi, ili ukifika nyumbani ujue kila picha ilitoka wapi.