Kisigino Kiguse Kidole

Jana jioni binti yangu alikuwa anacheza barazani, anatembea juu ya ufa wa saruji, kisigino kinagusa kidole, mikono ameitandaza kama mbawa. "Baba, njoo na wewe!" Sikumjibu. Nilikuwa nimesharudi Kilimanjaro, juu ya kambi ya Barafu, saa kumi usiku.

Ulikuwa msimu wangu wa pili kama kiongozi msaidizi, baada ya miaka minne ya kubeba mizigo ya watalii. Njia ya Machame, siku saba, mwanzo wote ulikwenda salama. Usiku wa kileleni tukaondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, saa sita kasoro.

Karibu na mita 5,500, huko ambako hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, mgeni wetu mmoja akaacha kujibu utani. Nikadhani ni baridi. Mzee aliyetuongoza aliona nisichokiona. Yule bwana alikuwa anahangaika na zipu ya koti: vidole vinaipapasa, vinaikosa, vinaipapasa tena. Mzee akatusimamisha. Akatafuta pahali tambarare nyuma ya jiwe, akachora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo, akauangaza kwa taa ya kichwani.

"Tembea hapa. Kisigino kiguse kidole."

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili akapepesuka kama mtu anayetoka kilabuni. Ya tatu nikamdaka.

Alilia. Alisema ameweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya usiku ule. Juu yetu taa za waliotangulia zilikuwa zinapanda kuelekea Stella Point, ukingoni mwa kreta. Nami, Mungu anisamehe, nikamnong'oneza mzee: "Tumshike mkono tu, mzee. Imebaki saa moja na nusu." Nilikuwa nawaza bakshishi.

Hakunifokea. "Mdogo wangu, huyu ubongo unavimba. Dawa yake ni kushuka. Mshushe sasa hivi."

Tukashuka, mimi na mgumu mmoja, ndivyo tunavyowaita wapagazi, tumemshika huku na huku. Barafu hatukukaa, tukaendelea mpaka kambi ya Millennium, chini ya mita 4,000. Pale aliketi juu ya jiwe, akafunga kamba za viatu mwenyewe, akaomba chai.

Kesho yake, geti la Mweka, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Mzee akampita bila kumtazama. Ningeweza kusema: yule ndiye aliyekuokoa, mimi nilitaka kukupandisha. Nikanyamaza.

Siku hizi msafara naongoza mimi, na nimeshageuza wageni wengi. Kama usiku ule ningekuwa peke yangu, sina hakika.

Mzee amestaafu. Mwaka jana nilimtembelea, neno likiwa mdomoni kabisa. Akanimiminia mbege, akaniuliza habari za wanangu, tukazungumza juu ya migomba yake mpaka giza likaingia.