Siku Nne Osaka: Pweza, Jiwe na Papa Shilingi

Mume wangu ni mtoto wa Likoni aliyelelewa na baba mvuvi, na kila mji tunaofika yeye huulizia soko la samaki kabla ya kuulizia jambo lingine lolote. Ndiyo maana, tulipojaliwa kwenda Japani, tulikubaliana kuzitumia siku zetu nne zote Osaka, mji wa bandari kama wetu, na kuiacha Tokyo kwa safari nyingine, Mungu akipenda.

Jioni ya kwanza tulitembea Dotonbori, kando ya mfereji uliokamilika mwaka 1615, ambako taa za matangazo humulika maji hadi usiku wa manane. Huko tulikula takoyaki, chakula kilichoanzia mji huu katika miaka ya 1930. Msomaji wa Mombasa atakielewa nikisema kwamba ni mfano wa kitumbua cha chumvi: uji mwepesi wa unga wa ngano humiminwa katika chuma chenye vishimo, kila kishimo kikatiwa kipande cha pweza, kisha mpishi akakigeuza upesi upesi kwa kijiti chenye ncha mpaka kikawa duara. Wenyeji hukipaka sosi nzito, lakini sisi, kwa kutokuwa na hakika ya vilivyomo, tuliomba kilichotiwa chumvi tu. Mume wangu alikiri kwamba pweza huyo alikuwa laini kuliko wetu wa supu, ingawa alishikilia kwamba ndimu na pilipili zilikosekana, na kwa hilo nilimuunga mkono.

Kesho yake tulikwenda kwenye ngome ambayo Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa kivita wa Japani, alianza kuijenga mwaka 1583, miaka 10 kabla ya Wareno kuanza Fort Jesus. Mnara unaoonekana leo ni wa zege, wa mwaka 1931, na una lifti ndani. Kwangu mimi, niliyezoea kupitisha kiganja juu ya matumbawe ya kuta zetu, haukunivutia sana. Kilichonishangaza ni kuta za nje, zilizojengwa upya na watawala wa ukoo wa Tokugawa katika miaka ya 1620. Karibu na lango la Sakura lipo jiwe moja lenye uso wa karibu mita 60 za mraba na uzito unaokadiriwa kuwa tani 108, ambalo lililetwa kwa njia ya bahari kutoka jimbo la kale la Bizen. Jina lake ni Takoishi, yaani jiwe la pweza, kwa sababu ya doa linalofanana na pweza. Mume wangu alilitafuta doa hilo kwa makini, akalipata, akalipiga picha ya kumpelekea baba yake.

Siku ya tatu tulipanda jengo la Umeda Sky, lenye mita 173, tukautazama mji, tukashuka.

Siku ya mwisho ilikuwa ya Kaiyukan, nyumba ya viumbe wa baharini iliyofunguliwa bandarini mwaka 1990. Mgeni huanzia ghorofa ya 8, akateremka taratibu akilizunguka tangi kubwa lenye tani 5,400 za maji, na ndani yake huogelea papa shilingi, yule yule mwenye madoa meupe mgongoni ambaye mume wangu alikuwa akisimuliwa na baba yake tangu utotoni, bila kuwahi kumwona. Alisimama mbele ya kioo kimya, mkono wake ndani ya wangu, akihesabu kila alipopita. Alipopita mara ya saba, ndipo alipokubali tuondoke.