Mkono wa Gia Unaogoma kwenye Camaro ya 1969

Mkono wa gia ulipoanza kugoma kwenye Camaro yangu ya 1969, gari la Chevrolet, ushauri wa kwanza niliopewa katika gereji moja hapa Ohio ulikuwa kushusha giaboksi na kuifungua. Sikukubali. Katika magari ya Kimarekani ya miaka ile, sehemu kubwa ya kazi ya kubadilisha gia hufanyika nje ya giaboksi, chini ya sakafu, mahali ambapo maji, matope na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji vimekuwa vikila chuma kwa zaidi ya nusu karne. Anayefungua giaboksi kabla ya kukagua huko nje anaweza kulipia ringi mpya (zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) na bearingi mpya, kisha akairudisha gari barabarani na ubovu wake ule ule.

Waliozoea Land Rover za zamani wanaujua mkono wa gia unaosimama juu ya giaboksi yenyewe na kusukuma uma za ndani moja kwa moja. Muncie, giaboksi yangu ya gia nne ambayo General Motors iliitengeneza katika mji wa Muncie, Indiana, kuanzia 1963 hadi 1974, haiko hivyo. Ubavuni mwake, upande wa dereva, kuna kifuniko chenye vikono viwili: cha mbele ni cha gia ya tatu na ya nne, cha nyuma ni cha gia ya kwanza na ya pili. Kikono cha rivasi kimejitenga, kipo mkiani. Kila kikono kina rodi yake inayokiunganisha na kifaa cha kuchagulia gia, ambacho kwenye Camaro za 1969 kilitoka kiwandani kikiwa cha kampuni ya Hurst. Magari haya yamebadilishwa viungo mara nyingi mno, kwa hiyo ni vyema kwanza kujua umelala chini ya giaboksi gani. Kifuniko cha Muncie kina boliti saba. Cha Saginaw, giaboksi nyingine ya magari haya, nacho kina saba, ila kikono chake cha rivasi kimo kwenye kifuniko hicho hicho. Cha giaboksi ya Borg-Warner T-10 kina tisa.

Gari langu lilikuwa na dalili mbili. Nilipotoka gia ya pili kwenda ya tatu kwa haraka, mkono ulikwama katikati kana kwamba umegonga ukuta. Na rivasi iliingia kwa shida, siku nyingine ikakataa kabisa.

Kabla ya kushika spana nilitaka kujua kama lawama ni ya klachi. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote moja baada ya nyingine, kisha washa injini na urudie. Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa lakini zikagoma ikiwa inanguruma, basi klachi haiachii sawasawa, na hapo unatazama mchezo wa pedali, ambao kwenye gari hili unatakiwa uwe takriban sentimita 2.5 juu kabisa, pamoja na bushi za chuma kile kinachovuka kutoka kwenye injini hadi kwenye chesisi na kupeleka nguvu ya mguu kwenye uma wa klachi. Kwangu gia ziligoma hata injini ikiwa kimya, kwa hiyo klachi niliiacha.

Kilichobaki ni rodi, na hapa ndipo ningemwomba msomaji asiwe na haraka. Ndani ya kifaa cha Hurst kuna vipande vitatu vya chuma vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, kimoja kwa kila rodi, na kila kimoja kina mwanya. Gia zote zikiwa nyutro, mianya hiyo mitatu hutakiwa kulingana, ili ulimi wa mkono wa gia uweze kuvuka kutoka mmoja hadi mwingine bila kugusa ukingo. Rodi moja ikiwa ndefu au fupi kidogo tu kuliko inavyotakiwa, mwanya wake husogea pembeni, na ulimi hugonga ukingo badala ya kupita. Dereva anayebadilisha gia polepole anaweza asihisi kitu, kwa sababu mkono hutafuta njia wenyewe, anayekimbiza hugonga. Bushi za plastiki zilizoliwa, matundu yaliyokuwa duara na sasa yamekuwa mviringo mrefu, na pini zilizofungwa kwa waya wa uzio (nilikuta mmoja) hufanya rodi ibadilike urefu kila inaposukumwa, na kwa hali hiyo hakuna marekebisho yatakayodumu. Kwa hiyo bushi na klipu mpya hutangulia, marekebisho hufuata.

Gari likiwa juu ya stendi imara, magurudumu yamezuiwa na injini imezimwa, nilizitoa rodi zote tatu kwenye vikono vya giaboksi. Nilivisogeza vikono kwa mkono hadi kila kimoja kikakaa nyutro, jambo unalolihisi kwa mtego mdogo wa springi ya ndani, kisha nikazungusha propela shafti kuthibitisha kwamba hakuna gia iliyoshika. Kifaa cha Hurst kina tundu linalopita katika vipande vyote vitatu, la pini ya robo inchi, yaani milimita 6.35; mpini wa keekee ya kipimo hicho unatosha. Pini ikishapita, mianya imelingana na haiwezi kusogea. Baada ya hapo kila rodi hurefushwa au kufupishwa kwa kuzungusha kipande chake chenye nyuzi, hadi ncha iingie katika tundu la kikono bila kulazimishwa hata kidogo. Rodi yangu ya gia ya tatu na ya nne ilihitaji kuvutwa kwa nguvu ili ifike, na hilo likaeleza ule ukuta niliokuwa nikiugonga.

Rivasi ilikuwa na kisa chake. Mwaka 1969 General Motors ilihamishia swichi ya ufunguo kwenye nguzo ya usukani, pamoja na kufuli la kuzuia usukani usigeuke. Kwenye magari ya gia za mkono, mfululizo wa rodi hutoka upande wa rivasi wa giaboksi hadi chini ya nguzo hiyo, ili ufunguo usirudi mahali pa kufuli mpaka gari liwe katika rivasi. Ni ulinzi mzuri dhidi ya wezi, ila rodi hizo zikipinda au zikifungwa vibaya, huizuia rivasi kabla haijafika mwisho wa safari yake, na fundi asiyezijua ataitafuta hitilafu ndani ya giaboksi hadi jua litue. Nilizitenga kwa muda, nikajaribu rivasi, ikaingia laini. Moja ilikuwa imepinda, pengine kwa jeki iliyowekwa pasipostahili na mmiliki wa zamani. Wengi huzitupa, mimi niliinyoosha na kuirudisha, kwa sababu napenda ufunguo ufanye kazi kama ulivyokusudiwa.

Maunti za injini, vile vishikizi vya mpira vinavyoifunga kwenye chesisi, nazo zikaguliwe, hata kama dalili hazizielekezi. Injini ya V8, yaani ya silinda nane, ikipewa moto hunyanyuka upande wa dereva, na maunti iliyochanika huiacha inyanyuke kupita kiasi, ikivuta pamoja nayo giaboksi, rodi za klachi na mkono wa gia, ambao unaweza kugonga ukingo wa tundu la sakafu na gia ikaruka. Tatizo hili si geni: Desemba 1971 General Motors iliyaita yarudishwe magari takriban milioni 6.7 ya Chevrolet, Camaro za 1967 hadi 1969 zikiwemo, ili yafungwe kizuizi cha kuibana injini isinyanyuke. Maunti zangu zilikuwa nzima.

Mwisho ni boliti mbili za kikomo kwenye kifaa cha Hurst, zinazozuia mkono usisukumwe kupita kiasi. Hulegezwa zote, mkono husukumwa kwenye gia ya tatu na kushikiliwa hapo, boliti hukazwa mpaka iguse, mkono huachiwa, boliti hurudishwa mzunguko mmoja na nati yake hufungwa. Gia ya nne hufanyiwa vivyo hivyo kwa boliti ya pili. Wasiozijali hupeleka nguvu yote ya mkono wao kwenye uma za ndani, na hizo ndizo ghali.

Sasa mkono unavuka bila kugonga. Kimebaki kitu kimoja: asubuhi za baridi gia ya pili hukwaruza kidogo hadi oili ipate joto. Oili ni ya daraja la GL-4, isiyodhuru ringi za shaba, kwa hiyo nadhani ringi yenyewe imelika, na hilo kweli ni la ndani. Nitaanza kwa kuweka gia ya pili na kutoa kile kifuniko cha boliti saba, kwa kuwa kinatoka bila kushusha giaboksi, nitazame uma na meno kabla ya kuagiza chochote.