Miche ya nyanya na jua la Ilula

Msimu uliopita niliitoa miche ya nyanya kitaluni ikaenda moja kwa moja shambani, saa nne asubuhi, jua la Ilula likiwaka. Kufika jioni majani yalikuwa yameungua, meupe kama karatasi, mashina yamelala chini. Iliniuma sana jamani.

Safari hii nimeizoesha. Siku kumi kabla ya kuhamisha nikaanza kupunguza nyasi za kichanja, kile kinachotia kivuli juu ya kitalu: kwanza jua la asubuhi tu, kisha nusu siku, mpaka kivuli chote kikaondoka. Maji nayo nikapunguza, ila sikuiacha inyauke.

Leo nimeshika mche mmoja. Shina gumu, unene wa penseli, kwa chini lina rangi ya zambarau. Jioni jua likipoa tunapanda.