Rubani Hupandia Mlangoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu asubuhi tulichelewa kuvuka Likoni, hapa Mombasa. Feri haikuwa mbovu, ilizuiwa ipishe meli. Tukasimama kwenye mteremko bega kwa bega, wenye mikokoteni wanatusukuma kutoka nyuma, mama mmoja na beseni lake la samaki kichwani, na mbele yetu ikapita meli ya makontena, ndefu hata ng'ambo ya pili haikuonekana. Kando yangu alikuwepo mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini. Akaniuliza, "Unajua nani anaiongoza ile?" Nikasema nahodha. Akatikisa kichwa.

"Nahodha yumo, baba, lakini saa hii anasikiliza. Rubani keshapanda."

Akanieleza taratibu, kama mtu asemaye jambo alipendalo. Meli kubwa haiingii bandari ya Kilindini bila rubani wa bandari. Hupelekwa kwa mashua mpaka nje, akakwea ngazi ya kamba na huku meli inatembea. Nahodha huenda kazunguka dunia nzima, lakini mlango huu na miamba yake haujui kama aujuavyo yule anayeupita kila siku. "Bahari kuu haina miamba," mzee akasema. "Miamba iko huku karibu na watu."

Maneno hayo nimetembea nayo wiki nzima. Vijana wetu wakisikia rubani hufikiria ndege, ila neno hili ni la baharini tangu zamani, na mimi sasa siwezi kulisikia bila kuuliza: nimempandisha wapi Bwana katika maisha yangu? Nikiwa bahari kuu namwita bila kuambiwa. Mtoto akilazwa, nafunga. Lakini mambo ya kila siku, ya mkopo wa simu, ya maneno ninayomtupia mke wangu nikiwa nimechoka, ya nani nikae naye kibarazani, hayo naona nayajua. Nashika usukani mwenyewe. Mithali 3 inasema, "Katika njia zako zote mkiri yeye," na neno "zote" limenisuta. Hata Neno lenyewe, Zaburi 119 hailiiti jua. Inaliita taa ya miguu, na taa ya miguu humulika hatua moja. Anayetaka kuona njia nzima kwanza ndipo atembee hatatembea.

Someni Matendo 27 wiki hii, yote, polepole. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi. Anawaonya kwamba safari itakuwa na hasara, lakini akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Nani angemlaumu? Wale ndio wenye kazi yao. Kisha upepo wa kusi ukavuma kidogo, nao wakadhani mambo yao yamenyooka. Sisi wa pwani tunaujua kusi, tunajua hauaminiki hata siku unapokuja kwa upole. Haukupita muda ikashuka tufani. Wakatupa shehena, wakatupa vyombo vya merikebu kwa mikono yao, siku nyingi jua halikuonekana wala nyota, na matumaini yakawatoka.

Hapo ndipo Paulo anasimama na kusema neno ambalo kwa miaka mingi nililisoma nusu. Hapana nafsi itakayopotea, ila merikebu tu. Mimi nilikuwa naishika ile ya kwanza, nikiruka ile "ila merikebu." Mungu aliahidi watu, na katika ahadi ile ile akasema merikebu itavunjika. Nayo ikavunjika. Watu 276 wakafika kisiwa cha Melita, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya merikebu ile ile iliyovunjika.

Lazima niseme na jambo zito hapa, maana sisi tunaishi kando ya maji. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kutoa ushuhuda kwamba Mungu alinilinda nisiwe katika ajali fulani kwa sababu nilichelewa. Ibada ilipokwisha, mama mmoja wa ushirika wetu akanishika mkono. Kaka yake alizama na feri ya Mtongwe, Aprili 29, 1994, siku ile tuliyopoteza watu 272. Akaniambia bila hasira, "Mwanangu, kaka yangu naye aliomba asubuhi ile."

Sikuwa na la kumjibu, na leo pia sina. Najua tu kwamba tangu siku ile sijathubutu kuuhesabu ulinzi wa Mungu kwa kutaja nani alipona na nani hakupona. Nilimwuliza yeye hushika neno gani akipita maji yale. Akasema Warumi 14:8: "Basi kama tukiishi au kama tukifa, tu mali ya Bwana." Nilisikia sauti yake ikitetemeka kwenye "tukifa," lakini alilimaliza. Imani yangu imelishwa na dakika ile kuliko mahubiri mengi.

Nami niwape langu, ni dogo. Mwaka 2018 kazi za kutoa mizigo zilipopungua mjini, kampuni niliyoitumikia miaka kumi na mmoja ilifunga ofisi. Miezi mitatu kabla nilikuwa nikifika alfajiri, nikiweka viganja juu ya meza yangu na kuomba, Bwana, ilinde meza hii. Meza ya mbao ngumu, pembe moja imeungua kwa birika la chai. Ofisi ikafungwa. Siku ya mwisho tukaambiwa kila mmoja anaweza kuchukua kiti au meza yake, nami nikalipa mkokoteni nikavuka nayo feri, nimeishikilia, nikilia bila kujificha. Niliona Mungu hakunisikia.

Ilikaa uani wiki mbili. Kisha mke wangu, hata hakuniuliza, akaiburura mpaka mlangoni, akatandika kitambaa cha plastiki, akapanga mahamri na sufuria ya mbaazi. Karo ya watoto wawili imepita juu ya meza ile. Kodi pia. Mimi nilipata kibarua tena baada ya mwaka na zaidi, na ule mwaka mzima tulikula kutoka hapo.

Kwa hiyo wiki hii, mkiomba "BWANA atakulinda utokapo na uingiapo," ya Zaburi 121, ombeni pia kwa ajili ya wale ambao merikebu yao inavunjika sasa hivi, msiwaambie wamekosa imani. Nendeni mkakae nao. Paulo kabla ya kufika nchi kavu alichukua mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula, na wote wakachangamka.

Ukipita kwetu Likoni kabla ya saa mbili, mahamri yatakuwa bado moto. Ile pembe iliyoungua ndipo anapoweka sufuria ya mbaazi.