Usukani Mrefu na Urefu wa Nyaya Zake

Mtu mrefu anayeendesha pikipiki ya kawaida kutoka Malindi hadi Gongoni hufika mgongo ukimuuma na viganja vimekufa ganzi, kwa sababu usukani wa chini humlazimu kuinama na kuuegemeza uzito wa kifua mikononi. Dawa niliyoichagua mimi ni usukani ulioinuka kwa takribani sentimita kumi zaidi na kurudi nyuma kidogo. Kulifunga bomba lenyewe si kazi kubwa, mradi unene wake ulingane na vibano: pikipiki nyingi za huku hutumia bomba la milimita 22, ilhali baadhi ya usukani wa kisasa huwa na milimita 28.6 katikati, na ule wa pikipiki kubwa za Marekani huwa milimita 25.4. Kazi yenyewe imo katika nyaya, na kwa maoni yangu haifai kulipia bomba kabla ya kujua nyaya za urefu unaohitajika zitapatikana wapi.

Waya wa klachi na ule wa aksileta kila mmoja una sehemu mbili, yaani ala ya nje isiyorefuka wala kufupika, na uzi wa chuma unaoteleza ndani yake. Kinachofanya kazi ni ile tofauti ya urefu baina ya viwili hivi, kwa hiyo ukiirefusha ala kwa sentimita kumi, na uzi lazima urefuke kwa sentimita kumi zile zile. Uzi ukipungua, klachi itakuwa imebanwa nusu wakati wote na sahani zake zitaungua. Ukizidi, klachi haitaachia vizuri na gia zitagoma kuingia. Skrubu za kurekebishia zilizo kwenye wenzo unaobanwa kwa vidole na kwenye injini zimewekwa kwa ajili ya kuondoa ulegevu mdogo tu, wala hazikukusudiwa kufidia waya usiotosha.

Ili kupata kipimo, tulifunga usukani mpya bila kuukaza sana, fundi akapitisha kamba katika njia ile ile ya waya wa zamani, kisha akauzungusha usukani hadi mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, na kuchukua urefu wa upande ulioivuta kamba zaidi. Ni kipimo cha uhakika kuliko kukisia kwa kuongeza kimo cha usukani juu ya urefu wa waya wa zamani, kwani usukani uliorudi nyuma hubadilisha njia nzima ya waya. Mikunjo nayo iwe mipana, na waya usiguse ekzosi wala usibanwe kati ya shingo na fremu.

Waya wa aksileta nauogopa kuliko wa klachi. Ukiwa mfupi, dereva anapokata kona usukani huuvuta na injini hupandisha kasi yenyewe, pengine katikati ya watu sokoni. Jaribio lake ni rahisi: washa injini ikiwa gia haijaingia, uzungushe usukani taratibu pande zote mbili, na usikilize. Mngurumo ukibadilika hata kidogo, pikipiki haijawa tayari kutoka gereji.

Fundi alipendekeza tuunge vipande viwili vya waya. "Mwalimu, hii haitakatika," aliniambia, nami nikakataa, maana kiungo kilicho ndani ya ala hukwama, na nyuzi hukatika mojamoja pasipo kuonekana. Waya mpya uliotengenezwa mzima ni jambo jingine: ncha ya uzi huchanuliwa ndani ya kichwa chake, kisha hujazwa risasi ya kulehemu, ili nyuzi zisiweze kuchomoka. Kwa hilo nilimwamini kabisa, kwa kuwa mkono wake ni mwepisi.

Breki yangu ya mbele ni ya diski, na mpira wake wa mafuta hauungwi kwa namna yoyote. Hununuliwa mrefu zaidi na kufungwa kwa washa mpya, yaani vipete vya kuzuia mafuta yasivuje. Kikopo cha mafuta ya breki kikae sawa usukani ukiwa umenyooka, kwa maana kikiinama sana kinaweza kuvuta hewa, na hewa hubonyea pale ambapo mafuta hayabonyei, kwa hiyo wenzo huzama bila pikipiki kusimama. Hewa yote itolewe, na mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Yakidondoka juu ya tangi yafutwe mara moja, la sivyo yatakula rangi.

Nyaya za swichi zilitosha baada ya kufunguliwa vifungo vyake kwenye fremu. Swichi yenyewe ina kijino kinachoingia katika tundu la bomba, na kwa kuwa usukani mpya haukuwa na tundu hilo, ilibidi litobolewe kwa keekee.

Mkao umekuwa mzuri, ingawa kifua sasa hupokea upepo wote, na wakati wa kusi kurudi kutoka Mambrui kupitia daraja la Sabaki si starehe. Usukani mrefu pia una nguvu zaidi ya kuvipindua vibano, kwa hiyo boliti zake hukaguliwa tena baada ya siku chache za mwendo. Hewa ya chumvi ya pwani hupenya hadi ndani ya ala, na ndiyo maana nimeagiza waya mmoja wa klachi wa akiba wa kipimo kile kile, kwani wa urefu huu haupatikani dukani.