Kesi ya Mikarafuu na Mimba ya Wiki 33

Mimba yangu ya pili ilikua sambamba na kesi ya shamba. Baba alikuwa ameshafariki, na mikarafuu aliyotuachia nje kidogo ya mji wa Wete ikawa na wadai wawili, sisi wanawe na ami yetu, aliyeshikilia kuwa ardhi ile haijapata kugawiwa tangu kwa babu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kidogo, nilikabidhiwa mkoba wa karatasi, na kwa miezi mingi nikawa mtu wa kwenda kwa sheha na kwa kadhi, kisha kurudi nyumbani nikakuta maneno yameshanitangulia. Usingizi ulinipaa kabisa.

Kliniki sikukosa. Nilipimwa presha, nikatolewa damu, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, lakini hakuna aliyeniuliza kama nalala. Sikuona ajabu, maana kwetu mja mzito mwenye fikra huambiwa avute subira tu.

Uchungu ulinishika mimba ikiwa na wiki 33, na mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia huhesabiwa njiti. Mkunga wa zamu, mtu mzima wa Chake Chake, alinichoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, akaweka kiganja juu ya tumbo langu lililokuwa likikaza na kuachia, akawa anatazama saa ya ukutani. Mkono ukiwa pale pale, akaniuliza, "Mwanangu, kwenu kuna nini?"

Nilimweleza yote. Akanifahamisha kuwa mtu akikaa na dhiki muda mrefu, mwili wake humwaga homoni ya kotisoli kupita kiasi. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachopunguza makali ya homoni hiyo kabla haijamfikia mtoto, ila kinga hiyo haikamiliki. Tena kondo lenyewe hutoa homoni nyingine, iitwayo kwa kifupi CRH; ubongoni kotisoli huizuia, lakini kwenye kondo huichochea, na inapopanda kabla ya wakati wake, uchungu nao huelekea kuwahi.

"Lakini sikwambii kuwa ami yako ndiye aliyekuzalisha," akasema, na hata katika maumivu yale nilicheka. Maambukizi, presha, mapacha, au kuwa umeshawahi kuzaa njiti huko nyuma, yote huleta hali hiyo, na wanawake wengi huzaa mapema bila ya sababu kujulikana. Dhiki huongeza hatari. Haitoshi kuwa hukumu. Nilimpenda kwa uangalifu huo, kwa sababu nyumbani walikuwa wameshapata mtu wa kumlaumu.

Mwanangu alizaliwa na kilo 1.9. Shangazi alisikitika kuwa bora angetoka wa miezi saba, kwani wa minane haishi. Mkunga akamjibu kwa heshima kuwa kila wiki tumboni humwongezea mtoto nguvu. Kisha akamfunga kwa kanga kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978.

Mume wangu aliuchukua ule mkoba akampelekea kaka yangu. Ami alipotuma habari kuwa kikao kimepangwa, aliambiwa mzazi yumo wodini, na kuanzia siku ile aulizwe mwengine.